Kubadili rangi si kubadili tovuti

Mwaka 2017 zilizinduliwa tovuti za halmashauri zote 185 za Tanzania Bara, zilizojengwa juu ya mfumo mmoja, kazi iliyofanywa na TAMISEMI na Wakala ya Serikali Mtandao kwa msaada wa mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani. Ngara na Biharamulo zilikuwamo. Kwa anayetaka kuelewa tofauti ya mandhari ya tovuti na skini ya CSS, tovuti hizo mbili ni mfano wa karibu. Kuhusu tofauti hiyo, madai manne husemwa kana kwamba yamethibitishwa.

Dai la kwanza: Mandhari na skini ni kitu kimoja, vyote ni mwonekano.

Si kitu kimoja. Skini ni faili la CSS tu: rangi, aina ya herufi, nafasi, mipaka. Mandhari ni mkusanyiko wa faili: kiolezo cha ukurasa wa mwanzo, cha habari moja moja, cha matokeo ya utafutaji, sehemu ya juu na ya chini ya ukurasa, pamoja na CSS yake. Mandhari ndiyo huamua HTML gani, yaani msimbo wa muundo wa ukurasa, imfikie msomaji. Skini huipamba HTML iliyokwisha kuamuliwa. Mkanganyiko huu una historia. Kabla ya toleo la 1.5 la WordPress (programu ya kuendeshea tovuti), lililotoka Februari 2005 na kuleta mandhari, watu wengi walibadili sura ya tovuti zao kwa kubadilishana faili za CSS. Mazoea hayo yamebaki hata baada ya kazi yenyewe kubadilika.

Dai la pili: Tovuti za Ngara na Biharamulo zinafanana, kwa hiyo fundi alibadili rangi tu.

Hapa hoja imegeuzwa kichwa chini. Tovuti hizo zilizinduliwa zikiwa na mpangilio mmoja: nembo ya taifa juu, menyu yenye Mwanzo, Utawala, Madiwani na Machapisho, kisha matangazo na habari. Kilichozifananisha ni mandhari ya pamoja. Kilichozitofautisha ni yaliyomo, yanayohifadhiwa kwingine, kwenye hifadhidata. Zingetofautiana kwa skini pekee, moja ingekuwa ya kijani na nyingine ya bluu, huku mpangilio ukibaki uleule. Na kufanana si uvivu: anayejua kutafuta tangazo la ajira kwenye tovuti ya Ngara hahitaji kufundishwa upya akifungua ya Biharamulo.

Dai la tatu: CSS inaweza yote, kulipia mandhari ni kutupa fedha.

Dai hili lina ukweli ndani yake. Mwaka 2003 Dave Shea alianzisha CSS Zen Garden, ambako ukurasa mmoja wa HTML ulivikwa sura nyingi mno kwa CSS pekee. Lakini maneno ya ukurasa ule hayakubadilika. Chukua wakala wa forodha aliyeko Rusumo, anayehudumia madereva wanaovuka kwenda Rwanda, na anataka kurasa za Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa pamoja na fomu ya kuulizia mzigo. CSS haiwezi kuleta fomu isiyokuwapo wala kuita habari kutoka kwenye hifadhidata.

Hata kuondoa haiwezi sawasawa. Fundi akiandika `display: none` kwenye picha kubwa ya ukurasa wa mwanzo, picha hutoweka kwenye kioo, lakini kwa kawaida simu huipakua vilevile na bando hukatwa. Akitumia `order` kupandisha juu matangazo yaliyo mwisho wa HTML, jicho litayaona juu, ila programu inayomsomea asiyeona itafuata mpangilio wa HTML, na matangazo yatasomwa mwisho.

Dai la nne: Basi mandhari mpya ni bora siku zote.

Hapana. Kama tatizo ni herufi za kijivu zisizosomeka juani, mistari michache ya CSS inatosha. Kubadili mandhari yote kunaweza kuvuruga menyu, visanduku vya pembeni na mipangilio iliyotegemea mandhari ya zamani. Na anayehariri faili za mandhari moja kwa moja hupoteza kazi yake siku ya kusasisha. Ndiyo maana WordPress ina mandhari-mtoto, inayohifadhi mabadiliko kando.

Kwa mwenye shule, SACCOS au nyumba ya wageni anayeandaa malipo, kipimo ni chepesi. Kabla ya kazi kuanza, fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U, uhifadhi msimbo unaoonekana. Kazi ikikamilika, rudia ukurasa uleule na ulinganishe. Kama HTML haikubadilika, isipokuwa mstari unaoita faili la CSS, umepewa skini, na bei iwe ya skini. Kama muundo wenyewe umebadilika, umepewa mandhari. Hapo kagua kila ukurasa kabla hujatoa malipo ya mwisho.