Kasongo na Kabambare: neno «vita» lisiwe jibu la kila dai la bima

Kusini mwa jimbo la Maniema, mali ya mtu inaweza kuteketea kwa njia nyingi. Kiangazi kikiingia, moto wa shamba unaruka mpaka kwenye nyumba za manyasi. Sokoni, jiko la makala lililosahauliwa linaweza kumaliza butike tatu kwa usiku mmoja. Lori linalobeba bidhaa linapinduka kwenye matope. Na upande wa Kabambare, kumekuwa na miaka ambayo watu wenye silaha ndio walichoma na kupora. Kwa mwenye mali, machozi ni yaleyale. Lakini kwa sheria, hasara hizo si kitu kimoja, na hapo ndipo raia wetu anapotezewa haki yake.

Nchi yetu ina sheria ya bima, ile tunayoita asiransi. Kwa miaka mingi SONAS, iliyoundwa mwaka 1966, ilikuwa peke yake katika kazi hiyo. Sheria nambari 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilivunja ukiritimba huo, na tangu mwaka 2019 kampuni za binafsi zilianza kupewa ruhusa na ARCA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Sheria inalazimisha bima ya magari na pikipiki, ya moto kwa majengo fulani, ya kazi za ujenzi, na ya bidhaa zinazoingia kutoka nje. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kasongo anayetii sheria analipa. Swali ni hili: siku ya msiba, yule anayepokea dai lake atamtendea namna gani?

Kanuni za kazi hiyo si siri. Kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, kinachotoka kwenye dekrete ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kwa halali ni sheria kwa waliopatana, na yanapaswa kutekelezwa kwa nia njema. Nia njema haimbani mteja peke yake. Mteja anapaswa kusema kweli kuhusu mali yake. Kampuni nayo inapaswa kuchunguza kweli, si kutafuta mlango wa kutokea. Kanuni nyingine ni kwamba bima inarudisha kilichopotea, haitajirishi. Aliyepoteza mifuko hamsini ya chumvi hadai mia. Vilevile, asilipwe thamani ya ishirini kwa sababu tu yuko mbali na Kinshasa.

Kanuni ambayo ningependa kila avokati, kila mkaguzi wa hasara na kila mwakilishi wa kampuni katika Maniema aikumbuke iko katika kifungu cha 197 cha kitabu hichohicho. Anayedai haki atoe uthibitisho. Lakini anayesema kwamba ameondolewa wajibu, naye atoe uthibitisho wake. Maana yake ni nini kwetu? Mikataba mingi ya bima inaondoa hasara za vita na za fujo. Hilo ni jambo la kawaida duniani, na kampuni ina haki ya kuliandika. Ila kuliandika ni kitu kimoja, na kulithibitisha ni kitu kingine. Moto uliotoka jikoni Kasongo hauwi moto wa vita kwa sababu juma hilohilo redio ilitangaza mapigano huko Kabambare. Anayetaka kukataa kulipa aonyeshe kwamba vita ndiyo iliyochoma nyumba ile, siku ile. Vinginevyo, neno «vita» litakuwa kifuniko cha kila sufuria, na bima katika Maniema itakuwa kodi tu.

Tusisahau kwamba wakubwa wanajua kuupa msiba wao jina la kisheria. Mwezi wa Septemba 2019, kampuni ya Banro ilisimamisha kazi kwenye mgodi wake wa dhahabu wa Namoya, upande wa Salamabila, kwa sababu ya ukosefu wa usalama, ikatangaza kwamba imefikwa na nguvu isiyozuilika. Ilikuwa na mavokati wa kuandika hayo. Mama anayeuza vitenge Kabambare hana mwanasheria. Ndiyo sababu anayeshughulikia dai lake anabeba wajibu mzito zaidi: amweleze mkataba kwa lugha anayoisikia, afike pahali pa hasara, na akikataa, aandike sababu kwenye karatasi ili mtu aweze kwenda nayo ARCA au mbele ya tribinali.

Wengine watasema: watu wetu hawana vyeti, wanakuja na maneno matupu, na wengine wanadanganya. Ni kweli kwamba udanganyifu uko, na kampuni inayolipa uongo inawaibia wateja wengine wote. Lakini jibu la jambo hilo tumeliona kwenye kesi kubwa ya nchi yetu. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa ajili ya vita ya 1998 hadi 2003. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Kwa mali zilizoharibiwa, Mahakama ilitoa milioni 40 tu. Ombi lililohusu vifaa vya shirika la umeme SNEL lilikataliwa lote kwa kukosa uthibitisho.

Kuna mafundisho mawili humo. La kwanza: asiye na karatasi hupata kidogo, hata kama msiba wake unajulikana na dunia nzima. La pili, ambalo watu hulisahau: majaji walikubali kwamba vita huharibu hata ushahidi, kwa hiyo hawakumfungia mlango kila aliyekosa cheti; walikadiria fidia ya jumla kutokana na alama zilizokuwepo. Lakini kwa SNEL, shirika la serikali ambalo lingeweza kutoa hesabu zake, hawakuwa na huruma hiyo. Hiyo ndiyo haki: kila mtu aombwe uthibitisho kadiri ya uwezo wake. Kampuni yenye ofisi na kompyuta isimdai mkimbizi wa Kabambare fakitire ambayo iliungua pamoja na nyumba.

Kwa upande wetu, wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara aandike bidhaa zake kila mwezi, apige picha kwa simu na kuzituma kwa ndugu aliye mji mwingine. Hasara ikitokea, atoe habari upesi kwa kampuni, kwani mikataba huweka siku chache tu, aombe askari polisi waandike peve, na mkuu wa kijiji athibitishe alichokiona. Asitie sahihi karatasi ya kukubali malipo kabla ya kusomewa na mtu anayemwamini.

Kwa ARCA na wakubwa wa jimbo kule Kindu, ombi ni moja. Kampuni inayochukua franka za watu wa Kasongo na Kabambare iwe na mtu hukohuko, mwenye uwezo wa kupokea dai na kulijibu kwa maandishi. Kama barabara inafaa kwa kuleta mkataba, inafaa pia kwa kuleta malipo.