Mlango wa root uacheni, fungeni sanduku

Leo tuongee kuhusu root, yule mtumiaji mkuu wa Linux ambaye karibu kila anachoamuru kinatendeka, hata cha kujiangamiza.

Majuzi niliitwa Mashimoni, Kibera, kwa mama mmoja mwenye saiba ndogo. Stima ilikuwa imepotea ghafla, na iliporudi, mashine yake kuu ya Ubuntu ikawa inawaka nusu kisha inaganda. Kijana aliyemwekea mashine hiyo alishahama, na neno la siri akaenda nalo. Ndani mlikuwa na kazi za wateja: fomu za HELB, karatasi za KRA, nakala za vitambulisho.

"Mwanangu, zimeenda?"

"Bado, mama. Nipe nusu saa."

Nikawasha upya, nikafungua menyu ya GRUB, nikachagua hali ya uokoaji, ile ambayo wakongwe wa Unix waliizoea kama hali ya mtumiaji mmoja. Hapo huduma karibu zote zimelala, umebaki wewe peke yako, na wewe ndiye root. Upweke huo una sababu. Programu ya fsck, inayokagua na kurekebisha mpangilio wa mafaili, ukiiendesha kwenye diski ambayo wengine wanaiandikia, inaweza kuharibu zaidi. Fundi wa bomba naye huanza kwa kufunga maji.

Nikaiendesha fsck diski ikiwa ya kusomwa tu. Kisha nikaruhusu kuandika kwa mount -o remount,rw / na kuweka neno jipya la siri kwa passwd. Mashine ikawaka, mafaili yote yapo.

Mama akafurahi, halafu akanyamaza. "Lakini wewe hukuulizwa neno la siri. Na mwizi je?"

Swali zuri! Tangu toleo lake la kwanza, Oktoba 2004, Ubuntu humfungia root asiingie kwa neno la siri. Kazi za usimamizi hupitia sudo. Ndiyo maana hali ya uokoaji haina neno la siri la root la kukuuliza. Wenzangu wengi wataliita hilo shimo, watasema weka neno la siri kwenye GRUB. Mimi nakataa. Aliyeibeba mashine atang'oa diski kwa bisibisi na kuichomeka kwingine. Ukiuziba mlango huo, atakayebaki nje ni mama, siku stima itakapopotea tena.

Kinacholinda ni kusimba diski yenyewe, kwa LUKS kwa mfano, ili yaliyomo yawe fumbo kwa asiye na neno la kuifungua. Hali ya uokoaji itaendelea kufanya kazi, mradi neno hilo unalo. Ukilisahau, hapo hata mimi usiniite. Kwa hivyo liandike kwenye karatasi, lifunge kwenye bahasha, liweke nyumbani mbali na duka. Na uwe na nakala ya mafaili kwenye diski nyingine, nayo isimbwe.

Vitambulisho vya wateja vifutwe kazi ikiisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu kukaa na habari za mtu kuliko inavyohitajika, na mwizi haibi kisichokuwepo.

La mwisho: wahudumu wa saiba wasiwe na sudo. Tulijifunza kwa uchungu enzi za Windows XP ya 2001, ambapo akaunti ya kwanza ilikuwa ya msimamizi, watu wakaitumia kwa kila kitu, na virusi vikarithi mamlaka hayo hayo.

Root ni wa kuingia peke yako, kutengeneza, na kutoka. Mama ameshanunua bahasha. Wewe je?