KUFULI YA KAZINI IFIKE HATA LUPANGONI

Ndugu watumishi, na ninyi wamama wa kambi,

Ni nani kati yetu asiyejua sheria ya kufuli? Kazini, mkanda wa kubeba mawe ukisimama, fundi haurukii tu. Kwanza umeme unakatwa. Halafu kila fundi anatia kufuli yake mwenyewe juu ya swichi kubwa, na ufunguo unakaa ndani ya mfuko wake, si wa kapita, si wa mwenzake. Anatundika kibao: Usiwashe, watu wako kazini. Kisha anajaribu kuwasha, aone kama mashini imekufa kweli. Ndipo anaingiza mkono.

Sasa tumfuate fundi yule yule nyumbani, siku ya yenga. Motokari yake inasumbua. Amefungua kifuniko cha motori, motori ingali na moto, ufunguo unaning'inia mahali pake, mtoto amekaa kwenye volan anacheza dereva. Baba anaingiza mkono karibu na feni. Kazini angefanya hivyo, angefukuzwa kabla ya jua kutua. Lupangoni hakuna wa kumfukuza. Kuna bibi na watoto tu, ambao ndio watakaomlilia.

Mimi nasema hivi: batri ya motokari ndiyo swichi kubwa ya lupango. Kuifungua kabla ya kutengeneza si woga, wala si kupoteza wakati. Ni sheria ya kufuli ile ile, na inatuhusu nyumbani kama inavyotuhusu kazini.

Mimi ninayeandika si mtakatifu. Siku moja nilikuwa nikitoa demarere ya motokari yangu. Niliona kazi ni ndogo, batri nikaiacha imefungwa. Kle yangu ilikuwa juu ya nati ya waya mnene, ikagusa chuma cha motori, na pete yangu ya ndoa ilikuwa katikati. Kufumba na kufumbua pete ikawa nyekundu kama kaa la moto. Kidole kilivimba, na pete ikakatwa lopitali kwa msumeno mdogo. Jioni bibi yangu akaniuliza: "Baba ya watoto, kazini unavaa ganti, unatia kufuli. Hapa nyumbani unatumia mwili wa nani?" Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Wengi wanasema: "Batri ni volti 12 tu, haiui mtu." Ni kweli kwamba volti 12 hazitakurusha kama umeme wa nyumba. Lakini hatari yake ni nyingine. Batri hiyo ina nguvu ya kuzungusha motori nzito, na kwa kazi hiyo inatoa amperi mamia. Ukiipa njia fupi kwa kle, kwa pete au kwa saa ya mkononi, nguvu yote inapita pale. Chuma kinayeyuka, na nyama inaungua mpaka mfupa. Basi usiogope kurushwa, ogopa moto.

Motokari za leo zimeongeza hatari ambazo baba zetu hawakuzijua. Feni ya kupoza maji inazungushwa na umeme. Katika motokari nyingi inaweza kuanza yenyewe hata motori ikiwa imezimwa, kwa sababu maji bado ni moto. Mkono ulio karibu haupewi habari. Tena kuna mfuko wa hewa uliofichwa ndani ya volan. Umewekwa ili kumwokoa dereva wakati wa kugongana, na unalipuka kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukilipuka mbele ya fundi aliyeinamia volan na bisibisi mkononi, unamvunja uso. Tena kuna kompyuta ndogo nyingi ndani ya motokari, na moja tu ikiungua inaweza kula mshahara wa mwezi, au zaidi.

Kwa hiyo, ndugu, shika utaratibu huu.

Kwanza, simamisha motokari mahali palipo sawa na penye hewa, vuta breki ya mkono, zima vyote. Teremsha kioo kimoja na uache kifuniko wazi, maana milango mingine ya leo hujifunga, na bila umeme utabaki nje. Toa ufunguo. Kama motokari inawashwa kwa kubonyeza tu, peleka ufunguo mbali, ndani ya nyumba. Vua pete, saa na mnyororo. Vaa ganti na miwani.

Pili, ngoja dakika chache. Kompyuta za motokari hazilali mara moja unapozima.

Tatu, fungua kwanza waya wa alama ya kutoa (−), ule ambao mara nyingi ni mweusi. Kwa nini huo? Kwa sababu karibu motokari zote za leo mwili wake wa chuma umefungwa na upande huo. Ukianza na waya wa kujumlisha (+), kle ikigusa chuma popote, moto unaruka. Ukianza na wa kutoa, kle ikigusa chuma haidhuru kitu, maana chuma na waya huo ni kitu kimoja. Na ukisha kuutoa, njia imekatika. Ufunike kwa kitambaa kikavu, uweke mbali usirudi wenyewe. Kama kazi inataka batri itoke kabisa, ndipo ufungue wa kujumlisha. Wakati wa kurudisha, geuza: wa kujumlisha kwanza, wa kutoa mwisho.

Nne, jaribu, kama kazini. Bonyeza honi, washa taa. Zikinyamaza, umeme umekatika. Halafu ngoja tena. Mfuko wa hewa unajiwekea umeme wake kidogo, ili uweze kulipuka hata batri ikivunjika katika ajali. Kitabu cha motokari kinaeleza wakati wa kungoja. Ukikosa kitabu, ngoja dakika 10 kabla ya kazi nyingine yoyote, lakini volan, viti na mikanda usiviguse. Hiyo ni kazi ya fundi aliyefundishwa.

Nimeona kwamba kungoja huku ndiko kunatushinda. Mwanaume anaweza kubeba jiwe la kilo 50, lakini dakika 10 zinamlemea. Ndugu, zitumie. Panga kle zako. Kunywa maji. Mwambie mtoto aende kucheza mbali.

Tuache pia desturi mbili mbaya. Ya kwanza ni ile ya kufungua batri motori ikizunguka, ili kuona kama alternatere inachaji. Katika motokari za zamani wengi walipona. Katika za leo, volti zinapanda ghafula na kuunguza kompyuta. Pima kwa kipimo cha volti. Ya pili ni kuunganisha batri ndogo pembeni ili saa na redio visisahau. Batri hiyo inarudisha umeme katika waya zile ulizokata. Ni kama mwenzako kufungua kufuli yako ukiwa bado ndani ya mashini. Afadhali saa ipoteze wakati kuliko wewe kupoteza kidole. Lakini kama redio yako ina namba ya siri, itafute na kuiandika kabla hujaanza.

Kumbukeni vilevile kwamba batri ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka. Pasiwe na sigara wala mshumaa karibu, na mashini ya kuchaji izimwe kabla ya kutoa waya zake. Ndani ya batri mna asidi kali. Ikiruka machoni, osha kwa maji safi mengi dakika 15 au zaidi, halafu lopitali, hata kama maumivu yamepungua.

Neno la motokari zenye umeme mkubwa. Tunalo jambo nazo sisi watu wa hapa, maana kobalti ya Kolwezi inaingia katika batri nyingi za motokari za umeme duniani, na shaba yetu katika waya. Lakini kuchimba madini yake hakumfanyi mtu kuwa fundi wake. Toyota Prius ya miaka ya 2004 mpaka 2009, kwa mfano, ina batri kubwa yenye volti zaidi ya 200. Hizo zinaua. Kufungua batri ndogo ya volti 12 hakuondoi umeme wa ile kubwa, na honi kunyamaza si ushuhuda. Ukiona waya mnene wa rangi ya machungwa, funga kifuniko, umwite aliyesomea kazi hiyo.

Wengine watanijibu kwamba ajali haina kinga. Mimi nakataa. Kama ajali haina kinga, kwa nini kazini tunabeba kufuli? Tumewazika wenzetu wa kutosha kujua kwamba kinga iko, na kwamba mara nyingi ni kitu kidogo: ufunguo mfukoni, waya mmoja uliotolewa, dakika chache za kungoja. Kazini tunaishika kwa sababu kapita anaangalia. Nyumbani tuishike kwa sababu watoto wanaangalia, nao watatengeneza motokari zao kama walivyotuona sisi tukitengeneza.

Na ninyi wamama, mnayo kazi yenu. Bwana akifungua kifuniko cha motokari, mwombeni ufunguo. Fungeni katika kitenge. Asiporudisha waya wa batri mwenyewe na kusema kazi imekwisha, msimpe. Akikasirika, mwulizeni swali lile nililoulizwa mimi: hapa nyumbani unatumia mwili wa nani?