Tumbo limepunguzwa, na meno je?

Upasuaji wa kupunguza uzito si habari ya Ulaya tena. Hata Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, hufanya. Mtu wa Kiuyu anaweza kuvuka bahari na kurudi Pemba na tumbo dogo. Tunachohofia ni meno yake.

Tumbo likipunguzwa, mtu hula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na kila mlo wenye sukari huwapa bakteria wa mdomoni cha kutengenezea asidi. Wengine hutapika au hupata kiungulia, asidi ya tumbo ikapanda na kulainisha ganda la jino. Hapo ndipo wengi hukosea: hukimbilia mswaki na kusugua ganda lililokwisha kulainika. Kwanza mtu asukutue kwa maji matupu, angoje nusu saa au zaidi, ndipo apige mswaki kwa dawa yenye floridi. Na halua ya Wete, tamu ilivyo, isiwe ya kudonoa kutwa.

Tunaiomba Wizara ya Afya Zanzibar ihakikishe hospitali za Pemba zinapewa taarifa za wagonjwa hawa. Nawe unayejiandaa kusafiri, kakaguliwe meno kabla hujapanda boti.