Wanafunzi wa utabibu wapangiwe zahanati likizo



Sisi wanafunzi wa utabibu hatujui tugawe vipi muda wetu kati ya masomo na kazi ya vitendo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwenyeji wa Kibuta, wilayani Kisarawe. Kila likizo majirani huniletea watoto wenye homa na kunitaka niwachome sindano. Nikikataa, wazee huniuliza, "Mwanetu, sasa unasomea nini?" Nakataa kwa sababu sheria hairuhusu mtu asiye na leseni kutibu. Hata hivyo, swali la wazee ni la haki.

Masomo ya tabibu huchukua miaka 3 baada ya kidato cha nne. Vitendo tunavifanya wodini, lakini mara nyingi tunakizunguka kitanda kimoja wanafunzi wengi. Mmoja anapima tumbo la mgonjwa, wengine wanachungulia. Ndiyo maana baadhi ya wenzetu hukesha katika maduka ya dawa wakitafuta uzoefu. Asubuhi wanasinzia darasani, na walichojifunza usiku ni bei ya vidonge.

Uzoefu ni sehemu ya elimu yenyewe. Hapa nchini, tabibu aliyetaka kuwa daktari msaidizi alifanya kazi kwanza, ndipo akarudi chuoni kwa miaka 2. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Duke kilipoanza kufundisha wasaidizi wa madaktari mwaka 1965, kilichukua watu waliokwisha kuhudumia wagonjwa katika Jeshi la Majini. Hata jirani zetu wa Kibaha wanajua: mradi ulioanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa Denmark, Finland, Norway na Sweden uliweka shule, mafunzo ya wakulima na huduma za afya pahali pamoja.

Maoni yangu ni haya. Vyuo na halmashauri za wilaya wapatane ili kila mwanafunzi apangiwe wiki 3 za likizo katika zahanati iliyo karibu na kwao. Aende na barua ya chuo, na awe chini ya mganga mfawidhi. Apime watoto uzito, apime shinikizo la damu, afanye kipimo cha haraka cha malaria, aandike daftari la wagonjwa. Asiandike dawa peke yake. Kila kazi aliyoifanya itiwe sahihi, na chuo kiihesabu katika maendeleo yake. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Wapo watakaosema likizo ni ya kupumzika na kuwasaidia wazazi shambani. Ni kweli, na ndiyo maana nataja wiki 3 tu. Wengine watasema mganga wa zahanati ana kazi nyingi. Basi apewe mikono ya kumsaidia.

Wengi wetu tutapangiwa zahanati za vijijini, ambako daktari wa kuulizwa yuko mbali. Afadhali tukaulize maswali yetu huko sasa, mwalimu akiwapo, kuliko kuyauliza usiku wa manane mbele ya mama anayetokwa damu.

Mwanafunzi wa Utabibu,
Kibuta, Kisarawe.