Tabibu wa Kutibu na Tabibu wa Kutia Sahihi
Safu ya kila Jumamosi, na Mkaa Barazani

Juma hili nilialikwa chakula cha mchana jirani na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, katika majlisi ya mabwana wenye ndege zao ndogo, na hapo nikamsikia mmoja wao, mtu wa makamo mwenye adabu na mali, akimwusia kijana anayejifunza urubani kwamba mwenye akili huwa na matabibu wawili: wa kumtibu, ambaye huambiwa yote, na wa kumtilia sahihi cheti cha anga, ambaye haambiwi neno. Vidonge vyake vya shinikizo la damu, akasema, huyo wa pili hajapata kuviona. Mabwana wakacheka. Shemeji yangu wa Likoni, ambaye hajapata kunyamaza mbele ya mlo, aliweka kijiko chini akanyamaza. Nami ghadhabu ilinikaba hata tonge halikushuka.

Hiyo ni khiyana. Rubani binafsi, kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, hupimwa kila miezi 60 maadamu hajatimiza umri wa miaka 40, na akishautimiza, kila miezi 24. Na katika muda wote ulio baina ya kipimo na kipimo hapana anayemchungua moyo wake ila yeye mwenyewe, kwani kanuni hizo hizo humkataza kurusha ndege ajuapo kwamba siha yake imepungua. Ameachiwa amana kubwa, na ameipokea kwa uwongo.

Nikamwuliza bwana yule anafaidi nini, asinijibu ila kwa kunimiminia chai. Shinikizo la damu lililotulizwa kwa dawa zinazokubaliwa halimnyimi mtu cheti. Lau angalisema kweli, angalitazamwa ni dawa gani anayomeza na inamfanya nini, maana ziko dawa njema kabisa kwa mtu wa ardhini zisizomfaa aliye angani: mefloquine, mathalani, ambayo wasafiri wengi wameimeza kujikinga na malaria, hukatazwa marubani kwa kuwa huweza kuleta kizunguzungu na kuvuruga akili, na dawa za mafua ziletazo usingizi zinauzwa katika kila duka. Tena mwili wa rubani una mzigo mwingine: uwanja wenyewe wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, hewa imekwisha kuwa nyepesi kabla gurudumu halijainuka. Wala hatari si yake peke yake: ndege ya bwana yule ina viti vinne, na walio chini yake, huko Lang'ata na Kibera, hakuna aliyetakwa idhini.

Uwongo huu umezaliwa na hofu. Mtu huketi mbele ya tabibu amwonaye mara moja kwa miaka, mwenye muhuri mkononi, akamwona kadhi badala ya mganga. Marekani, tangu tarehe 1 Mei 2017, rubani wa ndege ndogo aliyepata kuwa na cheti cha kawaida huweza kupimwa na daktari wake mwenyewe kila miaka minne, na kusoma somo la siha ya anga kila miaka miwili. Hivyo anayemtibu ndiye amtiaye sahihi, na siri haina pa kukaa. Mamlaka zetu na zilifuate jambo hilo, wala zisingoje ajali izishurutishe.

Walakini hofu haimpi mtu mzima ruhusa ya kumharibu mtoto wa watu. Kijana yule alikuwa akisikiliza kwa taadhima, kama asikilizaye mwalimu, na hilo ndilo lililoniudhi kupita vidonge vyenyewe. Bwana huyo, ikiwa hawezi kumwambia tabibu ukweli, na auze ndege yake, na aache kuwausia wanaojifunza.