Huldah si mbunge wako

Wasee, Novemba 2024 nilipost picha ya Huldah Momanyi Hiltsley kama kila mtu. Mzaliwa wa Nyamira, ameshinda kiti cha Bunge la Wawakilishi la jimbo la Minnesota, Marekani, mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuingia pale. Nilijivunia, na bado najivunia.

Ila manze, si mbunge wetu. Ni wa watu wa Brooklyn Park na majirani zao, eneo la 38A. Nyumba, afya na elimu alizoongelea kwa kampeni ni zao. Kilichonishtua ni muda: huko mwakilishi anapewa miaka miwili tu, halafu anarudi kuomba kura. Na uchaguzi ule uliacha vyama viwili sare, 67 kwa 67, kwa hivyo kura yake moja ina uzito.

Huku tunawapa miaka mitano. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikingoja basari. Nilienda ofisi ya mbunge mara tatu, ya tatu nikaambiwa fomu yangu haionekani. Na ukweli, sikuwa najua huyo mtu hupigia nini kura bungeni. Nilijua Juni 2024, ile orodha ya waliopitisha Mswada wa Fedha ilipozunguka kwa simu. Jina lake lilikuwa hapo.

Sasa niandikie hapo chini jina la MCA wako, bila kuuliza Google. Wangu nimemjua jana.